Uzi: Kukarabati mashine za kufulia za zamani zenye rola. Ifanye ifue kwanza, kung'aa kutafuata

Ndugu wadau, salamu kwenu. Baadhi yenu mmekuwa mkiniuliza faraghani kuhusu mashine za kufulia za zamani ninazozifufua hapa Iowa, Marekani, na kwa kuwa maswali yanafanana nimeona niyajibu mahali pamoja ili na wengine wafaidike. Nitajikita zaidi katika mashine za rola za Maytag, kwa sababu ndizo zilizopita mikononi mwangu, na kwa sababu mji zilikotengenezwa, Newton, uko mashariki ya Des Moines, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Atakayekuwa na uzoefu wa mashine za Kiingereza au za Kijerumani aongeze hapa chini.

Niweke msimamo wangu wazi mapema. Wapenzi wa mashine hizi wamegawanyika katika makundi mawili: wapo wanaozing'arisha ili zikae sebuleni kama pambo, na wapo wanaotaka zifue nguo. Mimi nimo katika kundi la pili, na sababu yangu si suala la ladha tu. Mashine iliyopakwa rangi kabla ya kufunguliwa huficha ubovu wake, na atakayekuja kuichomeka kwenye umeme baada yako, pengine mwanao au mtu aliyeinunua mnadani, ataamini kwamba kinachong'aa ni kizima. Kwa hiyo mpangilio wangu wa kazi huanzia ndani: gia, umeme, rola, maji, na rangi huja mwisho kabisa, tena kwa kiasi.

Kwa wasiowahi kuiona, mashine ya rola ni pipa lenye miguu minne ya magurudumu. Katikati ya pipa husimama ajiteta, yaani mhimili wenye mapezi unaogeuka upande mmoja kisha upande wa pili, ukizivuta nguo na kuzirudisha ndani ya maji ya sabuni. Chini ya pipa kuna mota na gia boksi. Pembeni husimama nguzo, na juu yake kuna kichwa chenye rola mbili za mpira zinazozunguka zikiwa zimebanana. Nguo hupitishwa katikati yake, maji yakarudi pipani, na nguo ikaangukia kwenye karai la kusuuzia. Mashine haijijazi maji, haijisimamishi wala haibadilishi hatua yenyewe. Kila kitu anakiamua mfuaji, na ndiyo maana viungo vyake ni vichache na vinafunguka kwa spana za kawaida.

Historia yake inasaidia katika kazi, kwa hiyo nitaigusa kidogo. Kampuni ya F. L. Maytag ilianza mwaka 1893 ikitengeneza zana za kilimo, na mwaka 1907 ikatoa mashine ya kufulia ya pipa la mbao ili kiwanda kiwe na kazi katika miezi ambayo wakulima hawanunui zana. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1922. Kabla ya hapo mashine nyingi zilikuwa na kigingi kilichoning'inia kutoka kwenye kifuniko, kikizikokota nguo ndani ya maji. Fundi wa kampuni hiyo, Howard Snyder, akakiondoa kifuniko katika hesabu hiyo, akaweka ajiteta chini ya pipa la alumini ya kusubu ili yawe ni maji yanayosukumwa kupita kwenye nguo. Mfumo huo ulipewa jina la Gyrafoam, na ndio ulioifanya kampuni ya vyombo vya shamba iwe jina kubwa la ufuaji nchini Marekani. Mashine za rola ziliendelea kutengenezwa Newton hadi mwaka 1983, muda mrefu baada ya mashine za kujiendesha kuenea. Whirlpool iliinunua kampuni mwaka 2006, na kiwanda cha Newton kikafungwa mwaka uliofuata. Ukipita huko, makumbusho ya historia ya Jasper County yana maonyesho ya mashine hizo kuanzia zile za mbao, na kwa mkarabati ni mahali pa kuona kiungo ambacho mashine yako imekipoteza kilikuwa na umbo gani.

Urefu huo wa miaka una maana kwako kama mnunuzi. Mashine ya mwaka 1975 na ya mwaka 1940 zinafanana sana kwa macho, na vifaa vingi vya kuchakaa kama rola, mikanda na sili (vizuizi vya kuvuja) bado hupatikana vikiwa vipya. Sehemu ya wateja wa vifaa hivyo ni Waamishi, Wakristo ambao kwa misingi ya imani yao hawaungi nyumba zao kwenye gridi ya umeme. Jamii yao iko hata hapa Iowa, katika eneo la Kalona, na wengi wao hufua kwa mashine za rola zinazosukumwa na injini ndogo au kwa hewa iliyoshindiliwa. Kwao hiki si kitu cha kale hata kidogo.

UNAPOKWENDA KUINUNUA

Mashine hizi hupatikana kwenye minada ya mashamba, kwenye nyumba zinazouzwa vitu baada ya mwenyewe kufariki, na kwenye mabanda ya nafaka. Nyingine hukutwa bustanini zikiwa zimepandwa maua, na hizo uzikague chini ya pipa kwanza, kwa sababu watu hutoboa matundu ya kupitishia maji. Pipa la enameli lililotobolewa au kupasuka mimi huliacha. Enameli huyeyushwa juu ya chuma katika joto la nyuzi 800 hivi za selsiasi, na hakuna rangi ya kopo inayorudisha uso wa namna hiyo. Waweza kuziba kidonda kidogo kwa rangi ya epoksi, ila pale palipovuja patavuja tena.

Usikubali kuichomeka mashine hapo hapo mnadani ili "kuona kama inafanya kazi". Zungusha puli ya mota kwa mkono huku lever ya ajiteta ikiwa imewekwa kazini, uangalie kama ajiteta inajibu kwa kwenda na kurudi. Kisha hamia kwenye kichwa cha rola: kina mbele, kati na nyuma, na kila hatua inapaswa kuingia bila kulazimishwa. Ukikuta gia zinageuka zote kwa mkono, hata kwa uzito, mashine hiyo ina matumaini makubwa. Mashine isiyo na kichwa cha rola uilipie bei ya vipuri, kwa maana kichwa kizima ndicho kitu kigumu kukipata peke yake. Bamba lenye herufi ya modeli na namba ya mashine nalo lisomwe na kupigwa picha, maana vipuri huagizwa kwa hilo.

AJITETA ILIYOGANDA

Hapa ndipo wengi huvunjia mashine zao, kwa hiyo nitapaeleza kwa kirefu. Ajiteta hukaa juu ya shafti ya chuma, na mwenye mashine alitakiwa kuing'oa mara kwa mara, kuisafisha na kuirudisha. Wengi hawakufanya hivyo kwa miaka mingi. Maji magumu ya huku huacha chokaa, sabuni hugeuka kuwa utando, na kama ajiteta ni ya alumini hutokea kutu nyeupe inayojaza ule mwanya mdogo kati yake na shafti mpaka vikawa kitu kimoja. Mtu huja na nyundo, hupiga kwa chini, na mapezi yanavunjika au shafti inapinda. Shafti ikipinda, sili iliyo chini ya pipa haitakaa sawa tena na maji yataingia kwenye gia.

Njia ninayoitumia ni ya subira. Kwanza mafuta ya kupenya kutu yanatiwa juu, pale kofia ya ajiteta inapofunguka, yanaachwa usiku kucha, kisha yanatiwa tena. Baada ya hapo pipa hujazwa maji ya moto hadi ajiteta izame karibu yote. Alumini hutanuka kwa joto takriban mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu la ajiteta hupanuka zaidi ya shafti iliyomo ndani yake. Maji yakiwa bado moto, pitisha kamba nene chini ya sketi ya ajiteta, yaani sehemu yake pana ya chini, pande mbili zinazotazamana, ziunganishe juu, na uvute wima kwa nguvu ya kutulia huku mwenzako akiitikisa ajiteta kushoto na kulia. Haikutoka? Acha ipoe, tia mafuta, rudia kesho. Kuna ajiteta iliyonichukua karibu wiki mbili, ikatoka siku ambayo sikuwa nimetia nguvu yoyote ya ajabu. Ilitoa mlio mfupi mkavu, ikapanda juu ikiwa na utando mweupe mgumu kama ganda la yai kuizunguka shafti yote. Ajiteta za plastiki nyeusi zilizozeeka zinahitaji tahadhari zaidi: maji yawe ya moto wa kuogea, si yaliyotoka kuchemka.

Ikishatoka, safisha shafti kwa msasa laini na upake grisi isiyoyeyuka kwa maji kabla ya kuirudisha. Kuanzia hapo ing'oe baada ya kila siku ya kufua.

Onyo moja kuhusu usafi wa pipa: usitumie kostiki soda kwenye pipa la alumini. Kostiki huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, na utabaki na pipa lenye vidonda vyeusi. Chokaa huondoka kwa siki au kwa asidi ya ndimu ile ya unga, ikiachwa kwa muda mfupi na kusuuzwa vizuri. Kwenye enameli nako usiiache siki usiku mzima, maana si kila enameli ya zamani inayovumilia asidi.

GIA NA SILI

Gia za Maytag zilijengwa kwa uzito ambao leo hakuna kiwanda cha vyombo vya nyumbani kingeukubali, na mara nyingi meno yake ni mazima hata baada ya nusu karne. Kinachokufa ni mafuta. Huganda yakawa kama lami, au hupenya nje kupitia sili iliyokauka na kuacha doa jeusi sakafuni. Fungua kifuniko, kwangua mafuta ya zamani kwa mti badala ya chuma, osha kwa mafuta ya taa, kisha uzitazame gia kwenye mwanga. Ukikuta tope la rangi ya kahawa yenye maziwa, hayo ni maji yaliyoingia kupitia sili ya shafti ya katikati, na kujaza mafuta mapya bila kubadilisha sili ni kupoteza fedha. Aina ya mafuta ya kurudishia huifuata modeli, kwa hiyo fuata kijitabu chake. Vijitabu hivyo vilichapishwa kwa wingi na nakala zake hupatikana.

UMEME

Mashine nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zilikuja na waya wa nyuzi mbili usio na ethi (uzi wa kupeleka ardhini umeme unaovuja), wenye ganda la mpira au la kitambaa. Mpira huo hukauka, na ukiukunja unapasuka na kuacha shaba wazi. Fikiria basi: mwili wa chuma, maji yamejaa, sakafu ya saruji imelowa, na mfuaji amevaa ndala. Waya wa zamani utolewe wote bila huruma, hata kama unaonekana mzuri, na badala yake uwekwe waya wa nyuzi tatu, ule wa ethi ukifungwa kwa bolti kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Soketi unayoitumia iwe na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Wapo wakusanyaji wanaolalamika kwamba plagi ya pini tatu inaharibu uhalisia. Mimi siwaelewi.

Kabla ya kuwasha, pima kati ya kila waya wa umeme na mwili wa mashine. Kipima insulesheni kisipokuonyesha angalau megaomu moja, mota ikaushwe au ipelekwe kwa fundi wa kusuka upya koili za mota. Mara ya kwanza iwashe mota ikiwa bila mkanda. Ikinguruma bila kuzunguka, ichomoe mara moja, kwa sababu koili ya kuanzishia haikusukwa ili ikae na umeme zaidi ya sekunde chache. Tatizo la kawaida hapo ni swichi ya ndani inayofanya kazi kwa kasi ya mzunguko: vidole vyake vina kutu au grisi iliyoganda imevizuia visirudi. Kuvisafisha ni kazi ya nusu saa kwa msasa laini na tina (thinner) kidogo. Ukikuta kapasita ya zamani yenye mafuta ndani, hasa ya kabla ya mwaka 1979, usiitoboe wala kuichoma, kwa kuwa nyingi zilijazwa kemikali za sumu za PCB zilizopigwa marufuku Marekani mwaka huo.

ROLA, NA KWA NINI SIKUBALI MZAHA

Rola zina nguvu kuliko mtu anavyodhani, na hazijui tofauti kati ya shuka na mkono. Mwaka 1938 daktari wa upasuaji mjini Boston, MacCollum, alichapisha katika jarida la tiba la New England ripoti ya wagonjwa 26 walioumia mikono kwa rola za kukamulia, na majeraha ya namna hiyo yaliendelea kuwafikia madaktari wa Marekani kwa miongo kadhaa baadaye. Mtoto huweka vidole, rola huvuta hadi kiwiko au kwapa, na pale rola zinapokwama ndipo zinaposaga ngozi.

Kwa sababu hiyo kila kichwa cha rola kina kifaa cha kuachia mbano kwa pigo moja au kwa kuvuta. Hicho ndicho kiungo cha kwanza ninachokikarabati kwenye kichwa, na mashine isiyoachia haiwashwi kwangu hata kwa majaribio. Kipime ukiwa umepitisha taulo nene: piga, na rola ya juu inapaswa kuruka mara moja, bila kusitasita. Springi iliyochoka ibadilishwe, egemeo lenye kutu lifunguliwe na kusafishwa. Rangi isipakwe kwenye viungo vinavyoteleza, maana nimekuta vichwa vilivyopendezeshwa vikiwa vimegandishwa na rangi hiyo hiyo.

Mpira wa rola uukague kwa ukucha. Ukiwa mgumu kama plastiki au una upande uliobonyea kwa sababu mashine iliachwa imebana kwa miaka, badilisha. Baada ya kufunga rola mpya, weka vipande vya karatasi sehemu tatu, kushoto, kati na kulia, bana, kisha vuta kimoja kimoja. Vyote vinapaswa kushika kwa nguvu inayolingana. Na ukimaliza kufua, legeza mbano kila mara.

Mavazi nayo ni sehemu ya usalama. Kanga iliyofungwa kiunoni yenye ncha inayoning'inia, mtandio, mikono mirefu ya kanzu, nywele zilizoachiwa, vyote ni hatari mbele ya rola. Nguo zenye vifungo zikunjwe vifungo vikiwa ndani, na nguo isukumwe kwa kijiti cha mbao, kamwe isiwe kwa vidole.

RANGI

Sina mengi hapa. Rangi za majumbani zenye risasi zilipigwa marufuku Marekani mwaka 1978, kwa hiyo chukulia kwamba rangi ya zamani kwenye miguu na fremu inaweza kuwa na risasi: ipime, usiisugue ikiwa kavu, vaa barakoa ya vumbi laini na usifanyie kazi hiyo jikoni. Pipa la alumini mimi huliosha tu. Kulisugua mpaka likawa kioo ni kazi ya wiki nzima isiyosaidia nguo hata moja.

MAJIBU YA MASWALI MLIYOYAULIZA

Mdau wa Arusha aliuliza kama anaweza kuagiza mashine ya Kimarekani na kuitumia kwa transfoma ya kushusha umeme. Jibu fupi ni kwamba transfoma inashusha volti lakini haigusi hezi, yaani idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde. Mota hizi zilijengwa kwa volti kama 115 na hezi 60, zikizunguka mara 1725 hivi kwa dakika. Nyumbani kwetu umeme ni hezi 50, kwa hiyo mota itazunguka pungufu kwa moja ya sita, takriban 1430, na ukiipa volti 110 itakuwa inapewa volti nyingi kuliko inavyostahili kwa hezi hizo, chuma chake kitashiba sumaku na itachemka. Karibu volti 96 ndizo zingelingana na hezi 50. Njia safi zaidi ni kuiondoa mota na kuitunza kwenye sanduku ikiwa na lebo, kisha kufunga mota ya kawaida ya theluthi moja ya nguvu ya farasi, ya volti 230 na hezi 50, yenye kasi ya kama 1425. Ili ajiteta irudi kwenye kasi yake ya asili, puli ya mota iwe kubwa kwa sehemu moja ya tano: kama ya zamani ilikuwa na kipenyo cha milimita 50, ya sasa iwe na 60. Fundi yeyote wa kukereza vyuma atakutengenezea. Usiiongeze zaidi ya hapo kwa kutaka nguo zitakate haraka, maana gia ndizo zitakazolipa.

Hata hivyo, kwa aliye Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam, ushauri wangu wa kweli ni kutafuta mashine ya Kiingereza ya zamani badala ya kulipia usafiri wa meli kwa chuma kizito cha Iowa. Hoover ilifungua kiwanda chake cha mashine za kufulia Merthyr Tydfil, Wales, mwaka 1948, na mashine ndogo ya kwanza ya hapo ilikuwa na rola za kuzungusha kwa mkono zinazokunjwa na kuingia ndani. Baadaye zikaja zile za mapipa mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia kwa kuzungusha. Umeme wake ni kama wa kwetu, hezi 50, kwa hiyo ukibahatika kuikuta, tatizo lako litakuwa sili na mpira tu.

Mwingine aliuliza kuhusu zile zenye injini ya petroli. Ndiyo, Maytag ilikuwa ikiziuza tangu muongo wa 1910, kwa sababu hata katikati ya miaka ya 1930 ni shamba moja tu kati ya kumi hivi nchini Marekani lililokuwa na umeme. Injini inayopatikana zaidi ni Model 92 ya silinda moja, na iliyoifuata mwaka 1937, Model 72, ina silinda mbili. Zote ni za mipigo miwili, petroli ikichanganywa na oili, na huwashwa kwa kupiga kiki kwa mguu. Bomba lake la ekzosi ni la chuma kinachokunjika, na mama wa nyumba alilitoa nje kupitia dirishani au mlangoni. Ukiifufua, anza na magneto, yaani kifaa kinachozalisha umeme wa cheche: safisha platini, badilisha kondensa, hakikisha spaki plagi inatoa cheche ya buluu, ndipo uhangaike na kabureta. Tumia petroli isiyo na ethanoli ukiipata, kwa sababu ethanoli hulegeza gasketi za zamani na kuvuta unyevu ndani ya tangi. Na isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa hata kwa dakika moja ya kujaribu, kwa kuwa gesi ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye ekzosi haina harufu na inaua.

Kuna aliyeuliza kwa utani kama nguo zinatakata kweli. Zinatakata, mradi ufuate utaratibu wa enzi hizo: maji ya moto, nguo nyeupe kwanza, zikifuatiwa na za rangi hafifu, kisha za rangi nzito, na ovaroli za kazi mwisho, zote katika maji yale yale. Karai mbili za kusuuzia zinasimama kando, na kichwa cha rola hugeuzwa kutoka pipani kwenda karai la kwanza, kutoka la kwanza kwenda la pili. Wazee wa huku waliweka buluu ya kufulia katika karai la mwisho, kama bibi zetu walivyofanya kwa kanzu na shuka. Sabuni ya unga iwe kidogo kuliko unavyofikiri, la sivyo povu litamwagika juu ya mota.

Mwisho, mdau aliyeniandikia kwamba amepata mashine ya zamani kwenye nyumba ya jamaa zake huko Minneapolis na hajui ni ya nani wala ya mwaka gani: kabla ya kuisogeza, piga picha ya bamba la namba, ya upande wa chini ukionyesha mota na mkanda, ya kichwa cha rola kikiwa kimefunguliwa, na ya ndani ya pipa ajiteta ikiwa bado ipo. Weka picha hizo hapa kwenye uzi, tusaidiane kuitambua. Lakini waya wake usiuchomeke popote kwa sasa.